Boriti za Zege Zenye Kina Kikubwa: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Boriti ya kawaida hubeba mzigo kwa kupinda, na mhandisi huihesabu akichukulia kwamba mkato wa boriti uliokuwa bapa kabla ya mzigo hubaki bapa baada ya mzigo. Dhana hiyo huvunjika pale kina cha boriti kinapokaribia urefu wake. Eurocode 2, kanuni za Ulaya za miundo ya zege, huihesabu boriti kuwa ya kina kikubwa ikiwa urefu wake kati ya maegemeo haufikii mara tatu ya kina. Kanuni za Marekani, ACI 318, huweka mpaka kwenye mara nne kwa urefu wa wazi, na huongeza hali ambayo mzigo mzito umekaa karibu na egemeo kwa umbali usiozidi mara mbili ya kina. Kiwango cha India, IS 456, ni kikali zaidi katika kutenganisha: chini ya mara mbili kwa boriti yenye maegemeo mawili, na chini ya mara mbili na nusu kwa boriti inayoendelea juu ya maegemeo kadhaa. Tofauti hizo zisimsumbue msomaji, kwa kuwa boriti haibadiliki ghafla pale inapovuka mpaka. Kadiri kina kinavyoongezeka, mzigo huacha kusafiri kwa kupinda na huanza kushuka moja kwa moja kuelekea egemeo.

Njia hiyo ya moja kwa moja ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote unaofuata. Ndani ya boriti ya kina kikubwa mna kiunzi kisichoonekana: gadi za zege zinazobeba mgandamizo kwa mshazari, kamba za nondo zinazobeba mvuto upande wa chini, na vifundo ambamo gadi, kamba na maegemeo hukutana. Mbinu ya gadi na kamba ilitokana na kazi za Ritter na Mörsch mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ikapata sura yake ya sasa katika makala ya Schlaich, Schäfer na Jennewein ya mwaka 1987, na ikaingia katika ACI 318 kama kiambatisho mwaka 2002. Dalili yoyote, iwe ufa katika jengo au namba isiyokubali katika hesabu, inapaswa kuulizwa swali moja: ni kiungo kipi cha kiunzi hiki kinachoshindwa? Mara nyingi jibu haliko katikati ya boriti ambako macho huelekea kwanza, bali kwenye ncha zake.

Hesabu ya kupinda inatoa nondo chache kuliko inavyotarajiwa

Dalili hii hujitokeza mezani kabla zege halijamwagwa. Msanifu ametumia fomula za boriti ya kawaida, akapata nondo chache za chini, na akafurahia kwamba kina kikubwa kimeokoa chuma. Chanzo ni mkono wa wenzo, yaani umbali kati ya kani ya mgandamizo na kani ya mvuto. Katika boriti ya kawaida umbali huo huchukuliwa kuwa karibu asilimia 90 ya kina fanisi, yaani kina kinachopimwa kutoka ukingo wa juu hadi kitovu cha nondo za chini. Katika boriti ya kina kikubwa haufiki huko, kwa sababu mikazo haijipangi kwa mstari ulionyooka: eneo la mvuto hubanana chini, na kitovu cha mgandamizo hushuka mbali na ukingo wa juu.

Chukua boriti yenye urefu wa mita 3 na kina cha mita 3, yenye maegemeo mawili. Kwa kina fanisi cha mita 2.85, fomula ya kawaida inatoa mkono wa wenzo wa karibu mita 2.57. IS 456, kwa uwiano wa urefu na kina ulio kati ya 1 na 2, inautoa kwa kujumlisha urefu na mara mbili ya kina, kisha kuzidisha kwa 0.2; hapa jibu ni mita 1.8. Nondo zinazohitajika zinapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Pengo la namna hiyo haliwezi kufunikwa na kigezo cha usalama. Boriti inapokuwa na kina kinachozidi urefu wake, kiwango hicho huufunga mkono wa wenzo kwenye 0.6 ya urefu, maana zege lililo juu zaidi halishiriki tena kuibeba boriti, linakuwa mzigo tu.

Tiba ni kuacha fomula ya kupinda na kuchora kiunzi. Mchoro huo ukitoa mkono wa wenzo mkubwa kuliko ule wa IS 456, kama inavyotokea mara nyingine, usikimbilie kuchagua namba inayopendeza. Kiunzi kilichochorwa mbali na njia ya mikazo ya zege ambalo halijapasuka hulilazimisha zege lipasuke sana kabla ya kukubali njia hiyo mpya. Boriti inaweza kuubeba mzigo wa mwisho, lakini nyufa zake zikawa pana kupita kiasi katika matumizi ya kila siku.

Egemeo linapita, gadi inashindwa

Hili ndilo kosa la ukaguzi ambalo ningependa kila mkaguzi alitazame kwa makini kuliko mengine yote, kwa kuwa linajificha nyuma ya namba nzuri. Mfano utalionyesha vizuri zaidi. Boriti ina urefu wa mita 6 kati ya vitovu vya maegemeo, kina cha mita 3, unene wa milimita 400, na nguzo iliyokaa juu yake katikati ikileta mzigo wa usanifu wa kilonyutoni 3,000. Zege lina nguvu bainifu ya megapaskali 30, na uzito wa boriti yenyewe umeachwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kifundo cha chini kimewekwa milimita 150 kutoka chini, na cha juu milimita 250 kutoka juu, hivyo mkono wa wenzo ni mita 2.6. Gadi inaegemea kwa nyuzi 40.9, inabeba kilonyutoni 2,290, na kamba ya chini inavutwa kwa kilonyutoni 1,731.

Egemeo lenye urefu wa milimita 300 linapokea kilonyutoni 1,500, ambazo ni mkazo wa megapaskali 12.5. Kwa Eurocode 2, kifundo ambamo kamba ya upande mmoja imetiwa nanga, yaani imeshikizwa ndani ya zege isichomoke, kinaruhusiwa 0.85 ya nguvu ya usanifu iliyopunguzwa, yaani karibu megapaskali 15 kwa zege hili. Egemeo limepita, na wengi huishia hapo. Sasa tazama gadi inapoingia katika kifundo hicho. Upana wake hutokana na urefu wa egemeo ukizidishwa kwa saini ya pembe, pamoja na kimo cha kifundo, ambacho hapa ni milimita 300, kikizidishwa kwa kosaini. Jibu ni milimita 423, na mkazo wake ni megapaskali 13.5. Kama kifundo, bado inapita. Lakini gadi inayosafiri ndani ya zege lenye mvuto wa kukingama, yaani unaoivuta gadi kwa upande, inaruhusiwa 0.6 tu badala ya 0.85, yaani megapaskali 10.6, na hapo boriti imeshindwa kwa zaidi ya robo.

Kuongeza nondo za chini hakusaidii kitu katika hali hii, ingawa ndiyo tiba inayojaribiwa mara ya kwanza. Gadi ni zege, na zege linalozidiwa linahitaji eneo kubwa zaidi au nguvu kubwa zaidi. Unene ukipandishwa hadi milimita 500 na egemeo likarefushwa hadi milimita 400, mkazo wa gadi unashuka hadi megapaskali 9.4 na hoja inakwisha. Kuongeza unene peke yake kunaacha mkazo wa megapaskali 10.8, unaozidi kidogo tu. Hapo msanifu hushawishika kusogeza kifundo milimita chache ili namba ikubali. Asifanye hivyo isipokuwa nondo zenyewe zinasogezwa kweli, kwa sababu kimo cha kifundo kinapimwa kutokana na nondo zilipo wala si mahali msanifu angetamani ziwe.

Wanaofuata ACI 318 watakutana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Tangu toleo la mwaka 2019, gadi ya ndani isiyo na wavu wa nondo wa kiwango cha chini, kwa kawaida, hupewa kigezo cha 0.4, ilhali yenye wavu huo hupewa 0.75. Kwa hiyo wavu wa nondo za pembeni, unaoonekana kama pambo la kuzuia nyufa, unakaribia kuongeza maradufu uwezo wa gadi.

Ufa wa mshazari kutoka ukingo wa egemeo kuelekea mzigo

Ufa huu huwatisha watu, na kutisha huko kuna msingi, lakini kwanza uchunguzwe ulikoanzia. Ufa unaozaliwa katikati ya kina na kusafiri pande zote mbili, juu na chini, ni alama ya gadi inayopasuka kwa sababu mgandamizo unaotanuka kama chupa huzaa mvuto wa kukingama. Ufa unaoanzia chini na kulala kuelekea mzigo unahusiana zaidi na kupinda pamoja na kani ya mkato, yaani ile inayotaka kuikata boriti kwa kukingama. Katika boriti ya kina kikubwa, ufa wa kwanza wa mshazari hutokea mapema, ukiwa bado mbali na mzigo wa mwisho, kwa kuwa baada yake mzigo huendelea kushuka kupitia gadi. Ufa mmoja mwembamba usiokua unahitaji kufuatiliwa, na haumlazimishi mtu kuhama jengo siku hiyo hiyo.

Hali hubadilika zinapojitokeza nyufa kadhaa zilizo sambamba katika mshazari mmoja, au vipande vya zege vinapoanza kubanduka kati yake. Hizo ni dalili za gadi inayosagika, na kusagika huko hutokea ghafla. Mzigo upunguzwe na boriti ishikiliwe kwa nguzo za muda kabla ya mtu yeyote kufungua kompyuta.

Vyanzo ni vichache: wavu wa pembeni haupo au ni hafifu, unene ni mdogo, au zege halikufikia nguvu yake. Kwa unene wa milimita 400, Eurocode 2 inapendekeza angalau milimita za mraba 400 za nondo kwa kila mita, katika kila uso na kila uelekeo, ambazo nondo za milimita 12 kila milimita 250 zinazitosheleza kwa milimita za mraba 452. ACI 318 inadai asilimia 0.25 ya eneo lote kila uelekeo, yaani milimita za mraba 500 kwa kila uso, na nafasi isizidi milimita 300 wala moja ya tano ya kina fanisi; hapo nondo hizo hizo zisogezwe ziwe kila milimita 200. Kuna jambo ambalo aliyezoea boriti za kawaida hulisahau: mzigo unapokuwa karibu sana na egemeo, ringi za wima husaidia kidogo, na nondo za mlalo ndizo zinazoukata ufa. Ukifukua zege na kukuta ringi nyingi za wima pamoja na nondo mbili tatu za mlalo, umekipata chanzo.

Ncha ya boriti inapasuka kwa mlalo, au nondo zinateleza

Katika boriti ya kawaida mvuto wa nondo za chini hupungua kuelekea egemeo. Katika boriti ya kina kikubwa haupungui: kamba huvutwa kwa kani ile ile kutoka kifundo hadi kifundo, na kani hiyo yote inapaswa kutiwa nanga ndani ya nafasi fupi iliyo juu ya egemeo. Nyufa ndogo za mlalo kwenye usawa wa nondo karibu na ncha, pamoja na ufa wa mshazari unaopanuka upande wa chini kuliko katikati, humaanisha nanga inaachia. Chanzo cha kawaida ni nondo zilizokatwa katikati ya boriti kwa mazoea ya boriti nyembamba, au nondo zilizofika egemeoni zikakoma zikiwa zimenyooka.

Turudi kwenye mfano. Kilonyutoni 1,731 zinahitaji milimita za mraba 3,980 za chuma cha megapaskali 500, na nondo 9 za milimita 25 zinatosha. Nondo nane zingepungukiwa kidogo, na kidogo hicho kisifumbiwe macho. Ikivutwa hadi nguvu yake ya usanifu, nondo ya milimita 25 katika zege hili inahitaji urefu wa msingi wa nanga wa karibu milimita 907, ukianza kupimwa kwenye ukingo wa ndani wa egemeo. Egemeo lina milimita 300 tu. Habari njema ni kwamba mgandamizo wa egemeo huibana nondo, na kwa mkazo wa megapaskali 12.5 Eurocode 2 inaruhusu urefu upunguzwe hadi 0.7, yaani milimita 635. Kupinda ncha, ikiwa zege linaloizunguka linazidi mara tatu ya kipenyo, kunaleta 0.7 nyingine na kufikia milimita 445, zinazopimwa kufuata mkunjo. Sasa inawezekana, ila kwa kubanana. Nondo zilizokunjwa kwa umbo la U zikalazwa mlalo, bamba la chuma lililochomelewa mwishoni, au boriti kurefushwa kupita egemeo ni njia zinazompa msanifu nafasi ya kupumua.

Mkaguzi anayechunguza boriti iliyokwisha kujengwa asiridhike na mchoro. Apime nondo zinafika wapi kwa kifaa cha kutambua chuma ndani ya zege, kisha afukue sehemu ndogo ili aone umbo la ncha.

Ufa wa mlalo karibu na chini, pale slabu inaponing'inia

Gadi huanzia mzigo ulipo. Mzigo ukiwekwa chini ya boriti, kama slabu iliyoshikana na ukingo wa chini, hauna gadi ya kuupokea hadi upandishwe juu kwanza. Bila nondo za kuupandisha, slabu hujaribu kujikwanyua kutoka kwenye boriti, na ufa wa mlalo huonekana juu kidogo ya nondo kuu. Kila kilonyutoni kinachoning'inia kinahitaji chuma chake cha wima, juu ya wavu unaohitajika kwa sababu nyingine: mzigo wa usanifu wa kilonyutoni 200 kwa mita unadai milimita za mraba 460 za ziada kwa kila mita. Ringi hizo zizunguke nondo kuu kwa chini na zipande hadi eneo la mgandamizo. Zikiishia katikati ya kina, ufa utahama tu kutoka chini hadi pale zilipokoma.

Nyufa za wima

Nyufa za wima zilizo katikati ya urefu, pana kwa chini na zinazofifia juu, ni za kamba inayorefuka, na kwa kiasi fulani zinatarajiwa. Zikizidi milimita 0.3 katika jengo la kawaida, hesabu ya nondo za chini irudiwe. Nyufa za wima zilizo pana katikati ya kina na nyembamba chini, zilizosambaa urefu mzima bila kujali mzigo ulipo, hutokana na zege kusinyaa mahali ambapo nondo za pembeni ni chache mno. Hazitishii uwezo wa kubeba, ingawa hufungua njia kwa maji.

Nyufa za juu ya egemeo la kati ambazo hesabu haikuziona

Boriti ya kina kikubwa inayoendelea juu ya maegemeo matatu au zaidi ni ngumu mno kupinda, kwa hiyo msingi mmoja ukizama milimita chache tu, mzigo mwingi huhamia maegemeo mengine. Ukaguzi wa usawa wa boriti kwa vifaa vya upimaji utangulie uchunguzi wa nondo. Katika usanifu, hesabu ifanywe kwa hali mbili, yaani maegemeo yasiyosogea na maegemeo yanayozama kwa kiasi kinachotarajiwa na wataalamu wa udongo, na kila kiungo kisanifiwe kwa hali iliyo mbaya zaidi kwake.

Pembe za matundu zinapasuka

Tundu la bomba au mlango lililokaa katikati ya mshazari limekata gadi. Mzigo hujitafutia njia ya kulizunguka, na pembe zake hupasuka. Nondo za mshazari kwenye pembe hupunguza upana wa ufa, lakini hazirudishi gadi iliyopotea. Ikiwa tundu haliwezi kuhamishwa, kiunzi kipya chenye gadi zinazopita juu na chini yake kichorwe, na kila kamba mpya inayozaliwa ipewe chuma na nanga. Tundu lililo nje ya njia ya gadi, kwa mfano chini ya katikati lakini juu ya kamba kuu, mara nyingi halina madhara makubwa.

Kompyuta inaonyesha mikazo isiyoaminika

Uchambuzi wa elementi finiti, ambao huigawa boriti katika vipande vidogo ndani ya kompyuta, kwa zege lisilopasuka ni msaada mkubwa wa kuonyesha njia ya mikazo, na ndipo pazuri pa kuanzia kuchora kiunzi. Tatizo huja pale msanifu anaposoma mkazo wa nukta moja kwenye ukingo wa egemeo au pembe ya tundu. Kadiri mtandao wa elementi unavyofanywa mdogo, namba hiyo hupanda bila kikomo, kwa sababu ncha kali katika nadharia haina mkazo wenye mwisho. Jumlisha mikazo ya mvuto katika mkato mzima ili upate kani, kisha linganisha kani hiyo na kani ya kamba katika kiunzi. Zikitofautiana sana, rudi kwenye mchoro: huenda gadi imewekwa pembe ndogo mno, na ACI 318 haikubali pembe iliyo chini ya nyuzi 25 kati ya gadi na kamba. Huenda pia kiunzi hakimo katika mlingano wa kani. Jumla ya kani katika kila kifundo iwe sifuri kwa wima na kwa mlalo, na ukaguzi huo ufanywe kwa mkono, kifundo kwa kifundo, hata kama programu imekwisha kutoa alama ya kijani.